Uzoefu wangu wa kukalibresha kamera na OpenCV: kabla hujanunua chochote, tafuta kitu bapa

Kukalibresha ni kuipima kamera yenyewe ili kujua lenzi yake inavyochora picha. Natumia OpenCV, maktaba ya programu ya kuchakata picha, ni ya bure, na kwa kazi zangu za kupima vitu kwa picha inanitosha kabisa. Njia yake inatokana na kazi ya Zhengyou Zhang ya mwaka 2000, unaionyesha kamera ubao wa miraba kama wa drafti kwa mikao tofauti tofauti halafu programu yenyewe inakokotoa fokali (urefu wa lenzi kwa pikseli), kitovu cha picha na jinsi lenzi inavyopinda mistari, yaani zile namba k1, k2, p1, p2 na k3 mnazoziona kwenye majibu yake.

Ila ubao wa drafti mtupu siupendi tena. Lazima uonekane wote, sasa kwenye pembe za picha unaupitishaje na huko ndiko lenzi inapinda zaidi? ChArUco, aina nyingine ya ubao huo, ina alama zenye namba (aruco) ndani ya miraba myeupe, hata nusu yake ikitoka nje ya picha bado inasomeka. Hapo sina neno.

Karatasi ibandikeni kwenye kioo au alumini, boksi linapinda, hasa sisi wa pwani na unyevu huu. Mraba ukitoka mdogo kwa printa kuliko ulivyoandika, fokali haisumbuki, kinachokosea ni umbali, kwa hiyo mwenye kamera mbili za kupimia umbali ndo apime mraba kwa rula, ila printa ikivuta upande mmoja tu hapo kila kitu kimeharibika.

Halafu hii ya kushangilia kosa la chini ya pikseli 0.5 (tofauti kati ya pembe za miraba zilipoonekana na zilipokokotolewa), jamani, ukipiga picha zote ubao umekutazama uso kwa uso namba itakuwa nzuri tu na fokali ikawa ya uongo, kwa sababu haiwezi kutofautisha lenzi ndefu na ubao uliosogea karibu. Inamisha ubao, funga otofokasi, na zuumu usiiguse.

Wenye droni, nyie kamera inakalibreshwa humohumo kwenye WebODM, programu ya kutengeneza ramani kwa picha za droni, wakati wa kuchakata, sasa uwanja tambarare ukiupiga wima tupu ardhi inatoka imevimba katikati kama kuba. Ongezeni picha za mshazari na pointi za ardhini, yaani alama zilizopimwa mahali zilipo.

Nyota nne. Moja naibania kwa sababu mafunzo mengi yaliyozagaa ni ya kabla ya toleo la 4.7, sehemu ya aruco ilipangwa upya, ukikopi msimbo wa zamani unagoma, na ubao wa ChArUco uliotengenezwa kwa matoleo ya kabla ya 4.6 wenye safu mlalo shufwa unahitaji setLegacyPattern, amri ya kuiambia programu isome mpangilio wa zamani.