Blu-ray, Atmos ya mtandaoni, SACD au DVD-Audio: ununue nini kwa muziki wa spika sita?

Sony na Philips walitoa SACD, diski ya muziki, mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaja nyingine, DVD-Audio. Zote mbili zilibeba sauti pana kuliko CD na zote zilijaza spika sita, yaani 5.1 (spika tano na sabufa moja ya besi). Lakini deki nyingi zilisoma aina moja tu, na wasikilizaji wengi wakabaki na CD zao. Ukinunua leo, angalia kwanza sauti inatokaje kwenye deki hadi kufika kwenye spika. Hapo ndipo pesa nyingi hupotea, na mpangilio huu umefuata kigezo hicho.

1. Deki ya Blu-ray na risiva ya sauti

Risiva tunayosema hapa si ya dishi. Ni ile amplifaya yenye matundu ya HDMI, na lazima iwe na nembo ya Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, mifumo ya sauti ya spika nyingi isiyopunguzwa. Blu-ray hubeba sauti isiyopunguzwa, hadi biti 24 na 96 kHz kwa chaneli nane, kwa hiyo hapa hulazimiki kuchagua kati ya wingi wa spika na ubora wa sauti.

Tumia HDMI. Kebo ya optiko hupitisha stirio au Dolby Digital na DTS za kawaida tu; TrueHD haipiti. Kwenye menyu ya deki weka "Bitstream" (sauti ipelekwe kwenye risiva ilivyo), kisha zima "Secondary Audio" (deki nyingine huandika "BD Audio Mix"). Usipoizima, deki huchanganya sauti upya na kuishusha, na taa ya TrueHD haitawaka kwenye risiva hata kama diski na waya ni sahihi. Wengi hudhani risiva ni mbovu.

Diski na deki za Blu-ray hugawanywa kwa kanda za dunia. Kwa Afrika na Ulaya, deki iwe ya kanda B. Ya Marekani ni kanda A na itakataa diski nyingi za B.

2. Atmos ya mtandaoni

Atmos ni mfumo wa Dolby wa sauti inayomzunguka msikilizaji, hata kutoka juu. Inafaa kwa asiyetaka kukusanya diski. Apple Music iliiongeza Juni 2021 bila kupandisha bei. Ila ujue unachopata: Atmos ya mtandaoni hupunguzwa hadi takriban kilobiti 768 kwa sekunde. Wimbo wa dakika tatu ni kama MB 17, ilhali wimbo huohuo katika stirio ya biti 24 na 192 kHz hufika MB 145. Hizo ni faili mbili tofauti. Ukicheza moja huisikii nyingine. Kwa bando, tofauti hiyo si ndogo.

Ukitumia programu iliyomo ndani ya runinga, tundu la HDMI ARC (lile linalotoa sauti ya runinga) linatosha kupeleka Atmos kwenye saundiba. Kisanduku cha Apple TV 4K ni tofauti: kikipitia runinga kinahitaji eARC, toleo jipya la ARC linalopitisha sauti nyingi zaidi. Kama runinga haina, kichomeke moja kwa moja kwenye saundiba au risiva yenye HDMI ya kuingizia.

3. SACD

Sauti yake ni nzuri sana, na diski nyingi zina matabaka mawili: la CD huchezwa na deki yoyote. Sifa hiyohiyo huficha ubovu wa deki za mtumba. Leza ya CD na ya SACD ni mbili tofauti. Ya SACD ikichoka, muziki bado unatoka, lakini ni wa CD. Nenda dukani na diski yako ya chaneli nyingi, na usilipe mpaka kioo cha deki kiandike "SACD" na "MULTI".

Deki isiyotoa SACD kwa HDMI itahitaji waya sita za RCA, mmoja kwa kila chaneli. Kwa njia hiyo risiva nyingi hazirekebishi umbali wa spika wala hazipeleki besi kwenye sabufa, kwa hiyo besi husikika nyembamba. Rekebisha kwenye menyu ya deki yenyewe.

4. DVD-Audio

Nunua tu kama tayari unazo diski. Nyingi zitacheza kwenye deki ya kawaida ya DVD, lakini utakachosikia ni Dolby Digital au DTS iliyowekwa pembeni. Sauti kamili inahitaji deki yenye nembo ya DVD-Audio.