TAHADHARI: Washa za nozo zinazouzwa kwa meseji hapa Mombasa si shaba au ni kuukuu, na "dawa" yake inakula hedi (kichwa cha injini)

Wenye Hiace, Hilux na Prado za dizeli, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna muuzaji anayetembeza picha kwenye magurupu ya madereva, Changamwe mpaka Likoni. Pakiti yake ina washa nne (pete za kuziba zinazokaa chini ya nozo, ile inayonyunyizia dizeli kwenye silinda), oringi za mpira, na kichupa cha "dawa ya kung'oa nozo zilizokwama". Anaahidi kazi itaisha nyumbani kwa nusu saa. Duka hana. Pesa anataka mbele, mzigo analeta bodaboda asiyejua amebeba nini, na ukilalamika namba yako inafungiwa.

Tuanze na washa. Zisogezee sumaku. Shaba haivutwi, hizi zinaruka na kunata, maana ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Ukipiga tupa mara mbili ukingoni, ule wekundu unatoka na chini panang'aa weupe. Pakiti nyingine zina shaba ya kweli, lakini ni washa zilizokwishatumika zikasuguliwa. Iweke kwenye mwanga kwa mshazari utaona duara jembamba, alama ya kiti cha zamani, yaani pale ilipokalia chini ya tundu la nozo. Shaba ikishabanwa mara moja inakuwa ngumu, hailali tena vizuri kwenye kiti. Pima pia unene kwa kalipa: zote nne ziwe sawa, na zilingane na kipimo cha injini yako. Unene ukibadilika, ncha ya nozo inaingia ndani kupita kiasi au inabaki juu, na dizeli hainyunyiziwi mahali pake.

Oringi zake zilaze usiku kucha kwenye dizeli. Asubuhi ikiwa zimevimba na kulegea, tupa.

Kuhusu ile dawa, tone moja juu ya karatasi ya foili linatosha. Likitoa povu, hiyo si mafuta ya kulegeza, ni kemikali inayokula aluminiamu, na hedi ya 1KD na 2KD, injini za dizeli za Toyota zilizo kwenye magari haya mengi, ni aluminiamu. Ikikaa usiku kucha kwenye tundu la nozo, kiti kinatoboka vishimo ambavyo hakuna washa itakayoviziba.

Kwa nini tunapiga kelele kwa kitu kidogo hivi? Washa ndiyo inayozuia moto wa silinda usipande juu. Ikivujisha, gesi inapita pembeni ya nozo na kuacha masizi yanayoganda kama lami, na ndiyo maana nozo inakwama. Kwenye 1KD na 2KD ubaya ni kwamba sehemu ile iko chini ya kava ya valvu, kwa hiyo nje huoni kitu. Masizi yanashuka kwenye oili na kuziba chujio la kunyonyea ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Presha ya oili inashuka, beringi zinakatika, injini inanoki. Kama gari lako limekuwa likivujisha hapo, usibadilishe washa peke yake: fungua sampu, usafishe chujio, umwage oili yote.

Kutoa nozo iliyokwama kunataka subira. Zima injini na uiache itulie kabla ya kugusa paipu. Presha ya dizeli humo hupita bar 1,000, na mchirizi mwembamba unatoboa ngozi. Dizeli ikikuingia mwilini namna hiyo, nenda hospitali saa ileile hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano. Mtu asitafute uvujaji kwa mkono, atumie kipande cha katoni.

Puliza vumbi lote kwanza. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka nozo, rudia jioni na asubuhi kwa siku moja au mbili. Kisha toa kibano kinachoshikilia nozo, uizungushe kwa spana kushoto na kulia, kidogo kidogo, ukiongeza mafuta, mpaka ianze kutii. Ikikataa, tafuta nyundo ya kuvuta yenye adapta ya nozo yako. Usichokonoe kwa mtaimbo chini ya kichwa cha umeme. Hapo ndipo zinapovunjika, na bei ya nozo moja mnaijua.

Nozo ikitoka, angalia kama washa imekuja nayo. Mara nyingi inabaki chini, nyeusi, imefanana na kiti. Mafundi wa haraka wanaweka mpya juu yake, na baada ya muda mfupi gari linavujisha tena. Ivute kwa waya uliokunjwa ncha. Ziba tundu la ndani kwa kitambaa chenye grisi ili masizi yasidondoke kwenye silinda, safisha kiti kwa kikata kiti cha mkono, taratibu, mpaka uone duara zima linalong'aa. Grisi isiguse uso wa washa. Bolti ya kibano kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Kwa makadirio ya mkono hapana.

Jambo la pili: yule muuzaji hutuma pia "fundi wa nyumbani". Huyu anaondoka na nozo zako "akazipime", na zinazorudi si zako. Kabla hajagusa chochote, piga picha kichwa cha kila nozo, isomeke namba na ile kodi (msimbo wa herufi na tarakimu) iliyochapwa juu, na uandike ni ya silinda ipi. Kodi hiyo lazima ilingane na iliyo kwenye kompyuta ya gari. Nozo ikibadilishwa bila kuingizwa kodi yake, injini inaweza kutetemeka ikiwa sailensi, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, na kutoa moshi. Akikataa picha, mtoe getini.

Mliokwisha kununua, msitupe pakiti wala kufuta meseji za malipo. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na huhitaji wakili. Na kama ile dawa imeshaingia kwenye tundu, usiwashe gari: ifyonze kwa bomba la sindano, pangusa kwa kitambaa kikavu ukiwa umevaa glavu, halafu fundi akague kiti kwa tochi kabla ya washa nyingine kuwekwa.