Mnada wa samaki Dar: nunua filta itakayoanza yenyewe umeme ukirudi

Kila mnada wa wafugaji wa samaki wa mapambo ukipita hapa mjini, malalamiko yanayonifikia siku zinazofuata yanafanana mno. Samaki walinunuliwa wazima, wakafika nyumbani wazima, wakala vizuri siku kadhaa. Kisha umeme ukakatika usiku, ukarudi, taa ya tangi ikawaka, na watu wakalala wakijua mambo yako sawa. Filta, kifaa kinachozungusha na kuchuja maji ya tangi, haikuwaka. Asubuhi samaki wote wako juu wanatwetea pumzi, wengine wamegeuza matumbo. Mnunuzi anamlaumu mfugaji aliyeleta samaki, anayalaumu maji ya DAWASA, anamlaumu shemeji aliyelisha chakula kingi. Ukimuuliza filta yake ni ya aina gani anakwambia: ile nyeusi ya kuning'iniza kwenye kioo, niliichukua palepale mnadani, ilibandikwa karatasi "inafanya kazi".

Na ilikuwa inafanya kazi. Isichoweza ni kuanza tena ikishazimika, na hilo hakuna aliyelijaribu kabla ya kupandisha dau.

Kwa hiyo safari hii naandika juu ya filta tu, na kipimo changu ni kimoja. Ukubwa wa tangi na lita kwa saa vimeandikwa kwenye boksi au kwenye kifaa chenyewe, utasoma. Kelele utaisikia. Rangi na umbo ni mapenzi yako. Ninachotaka ukiulize kila kifaa kilichoko mezani ni hiki: nikichomoa plagi, nikasubiri, nikachomeka tena, kitaanza bila mkono wa mtu?

Kuna watakaosema mgao umepungua tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uanze kuzalisha umeme mwaka 2024, na bwawa lile limejengwa kutoa megawati 2,115. Ni kweli, na nashukuru. Lakini tangi la samaki halijali kama umeme umekosekana kwa mgao wa nchi nzima au kwa transfoma ya mtaa wenu iliyopigwa na mvua ya masika. Halafu kuna Luku. Yuniti zinaisha saa nane usiku, mwenye nyumba anaamka saa kumi na mbili ananunua nyingine kwa simu, taa zinarudi, anaenda kazini. Katika nyumba nyingi za Sinza, Kinondoni na Tabata huko ndiko kukatika kwa kawaida, na kukikuta filta isiyojianzisha, tangi linabaki limesimama mchana kutwa na hakuna mtu nyumbani wa kuligundua.

Joto letu linaongeza ubaya. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu kama 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, na sebuleni Dar mwezi Februari yanafika, hubeba kama 7.5 tu. Samaki wa Ulaya wanayo akiba ambayo wa kwetu hawana. Bakteria wanaokula amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, ndani ya sponji ya filta nao wanahitaji oksijeni ileile, na wanaipata kwa maji kupita. Maji yakisimama, amonia inaanza kupanda. Wenye kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika wana sababu kubwa zaidi ya kuogopa, maana frontosa na trofeusi wanataka maji ya pH (kipimo cha uasidi) 8.5 na kuendelea, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyokuwa katika hali ile yenye sumu. Kiasi ambacho gapi, samaki mdogo wa rangi, kwenye maji laini yenye pH ya chini angekivumilia, hapo kinaua.

Sasa nipange.

Ya kwanza: Eheim Classic

Sitaficha. Meza ikiwa na Eheim Classic hata moja, mimi nakaa karibu na meza hiyo mpaka namba yake itajwe. Ni filta ya nje, kopo refu linalokaa chini ya tangi, kichwa cha mota juu, mipira miwili ya kupitisha maji, basi. Kiwanda ni cha Kijerumani, kilianzishwa mwaka 1949, na muundo wa kopo hili umekuwepo tangu miaka ya 1960 bila kubadilika sana. Hakuna kitufe, hakuna kioo cha namba, hakuna kitu cha kielektroniki cha kusahau kuwa kilikuwa kimewashwa.

Inaanza yenyewe kwa sababu ya mahali inapokaa. Kopo liko chini ya usawa wa maji na limefungwa, mipira imejaa maji. Umeme ukikatika maji hayana pa kwenda, yanasimama hapohapo. Umeme ukirudi, kifeni chenye sumaku kiko ndani ya maji tayari, kinazunguka, maji yanaendelea. Na kwa nchi ambayo umeme ni bei, modeli ya 2213 inakula wati 8 tu kwa mtiririko wa lita 440 kwa saa, na imetengenezwa kwa matangi hadi lita 250. Ukiwa na tangi kubwa la samaki wa ziwani, ndugu yake 2217 anasukuma lita 1,000 kwa saa kwa wati 20.

Hapa Dar nyingi hutoka kwa wageni wa Masaki na Oysterbay wanaofunga mizigo kurudi kwao, ndiyo maana zinafika mnadani zikiwa pungufu. Angalia vitu vitatu. Kwanza koki za mipira: zilizokamilika ni mbili, zenye kufunguka katikati ili ubebe kopo peke yake ukalisafishe. Zisipokuwepo, shusha dau. Pili pete ya mpira chini ya kichwa. Ikiwa imekauka na kuwa bapa, sakafu yako italowa. Tatu kijiti cha kauri kinachoshika kile kifeni. Fungua kifuniko, kitoe, kitazame kwenye mwanga. Kikiwa na ufa, filta itaunguruma bila kuzunguka, na mara nyingi inafanya hivyo pale inapotakiwa kuanza upya, ndiyo maana muuzaji hajawahi kuona shida: kwake ilikuwa haizimwi. Uzuri ni kwamba vipuri vya Classic bado vinatengenezwa. Pete na kijiti unaweza kuagiza na mtu anayesafiri, vinakaa mfukoni.

Kopo hili lina udhaifu mmoja. Umeme ukikosekana kwa muda mrefu, oksijeni iliyofungiwa ndani ya kopo huisha baada ya saa chache, na maji yaliyolala humo yananuka. Likianza lenyewe baada ya kutwa nzima litayarudisha maji hayo tangini. Kwa hiyo kama uko nyumbani na giza limezidi muda wa saa nne au tano, chomoa plagi yake. Umeme ukirudi, mwaga maji ya kopo, suuza sponji kwa maji ya tangi, usitumie ya bomba maana klorini itaua bakteria waliobaki, kisha ndiyo uwashe. Kukatika kwingi kwa siku hizi ni kwa muda mfupi kuliko huo, na ndiyo maana bado naiweka ya kwanza.

Ya pili: sponji na pampu ya hewa

Bei yake ni ndogo na inajianzisha kila mara. Sponji iko wazi ndani ya tangi, hivyo haitemi uchafu hata baada ya giza refu. Wafugaji wa kuzalisha gapi na moli hawahitaji kingine. Hakikisha tu kwenye mpira wa hewa pana vali ya kuzuia maji kurudi, au pampu iwekwe juu ya usawa wa maji. Bila hivyo umeme ukikatika maji yatashuka kwenye mpira hadi ndani ya pampu, na kutoka hapo hadi kwenye zulia. Vali hiyo ndogo mnadani huwa haipo. Inunue.

Ya tatu: filta ya ndani ya kuzamisha

Mota iko majini, itaanza. Inakula nafasi na inahitaji kusuguliwa mara kwa mara. Kwa tangi la lita 60, sawa.

Ya mwisho: za kuning'iniza

Hizi ndizo zinazojaza meza na ndizo zinazogombaniwa, kwa sababu zinavutia na ni rahisi kusafisha. Tatizo lake ni la kimaumbile. Katika nyingi kati yake sanduku linakaa nje ya kioo na kifeni kiko ndani ya sanduku hilo. Umeme ukikatika, maji yaliyoko sandukuni yanarudi tangini kwa kupitia bomba la kuvutia mpaka usawa wa pande mbili ulingane. Tangi likiwa limejaa pomoni, kifeni kinabaki kimefunikwa na maji, na umeme ukirudi kinaanza. Tangi likiwa limepungua sentimita chache kwa mvuke, na kwa joto letu linapungua ndani ya siku chache tu, kifeni kinaweza kukosa maji ya kuvuta. Umeme unarudi, mota inazunguka kavu, inapata moto, samaki wanakufa na mota inakufa.

Zipo za kuning'iniza ambazo mota yake inakaa chini, ndani ya maji ya tangi lenyewe. Hizo zinaanza. Ukilazimika kununua ya kuning'iniza, nunua ya namna hiyo pekee, na muuzaji akuoneshe kwa mikono yake mota iko wapi.

Za vitufe vya kugusa na kioo cha namba siziwekei hata nafasi. Baadhi yake umeme ukirudi zinasubiri mtu abonyeze.

Kupima ni rahisi kiasi kwamba sielewi kwa nini tunabishana kila mnada. Ndoo ya maji, soketi, dakika kumi. Washa, acha maji yapite, chomoa, subiri, chomeka. Rudia. Kwa ya kuning'iniza, itundike kwenye ukingo wa ndoo na ushushe maji ya ndoo sentimita tatu kabla ya kuchomeka tena. Hapo ndipo ukweli unatoka. Kabla ya yote hayo soma kibati cha mota: kiandikwe volti 230 na hezi 50. Kifaa kilicholetwa kutoka Marekani ni cha volti 120 na hezi 60. Kwenye soketi yetu kitaungua, na hata ukikitafutia transfoma, kifeni kitazunguka taratibu zaidi ya kilivyokusudiwa.

Hita, vifaa vya kupasha maji joto, nazo huwa zimejaa mezani na watu wananunua kwa sababu "seti haijakamilika bila hita". Unaishi Dar es Salaam. Fedha hiyo weka kwenye pampu ya hewa ya akiba yenye betri.

Mimea chukua valisneria, inamea vizuri kwenye maji yetu magumu ya visima na hata Ziwa Tanganyika inaota, au anubiasi, mmea wa Afrika hasa, usiotaka mwanga mwingi. Samaki nunua mwishoni kabisa, baada ya kujua una filta gani mkononi.

Sasa kwa wauzaji. Mtu anayebandika "inafanya kazi" juu ya kifaa ambacho hakijagusa maji tangu mwaka jana anamdanganya mwenzake wa klabu, na samaki ndio wanaolipa. Tunajuana sote. Hakuna sababu ya kukataa ndoo na soketi isipokuwa unajua kitakachoonekana. Na madukani hali si nzuri zaidi: unauliza bei ya filta chini ya picha waliyoiweka wenyewe, unaambiwa njoo inboksi. Ukienda inboksi unaulizwa unaishi wapi. Ukitaja Mbezi Beach bei inapanda, ukitaja Manzese inashuka, filta ni ileile. Bei ya dukani ikifichwa, mnadani nako hakuna anayejua kifaa kina thamani gani, na ndiyo maana mafungu ya mitumba yanafika bei ya vitu vipya huku watu wakipiga makofi. Kwa Eheim 2213 iliyokamilika, yenye koki zote mbili, mimi napanda hadi nusu ya bei ya mpya na sioni uchungu. Isiyo na koki, robo. Ya kuning'iniza iliyokataliwa kupimwa siinui mkono.

Kwa kamati za minada ombi langu ni meza moja kando ya mlango, ekstensheni yenye soketi nne, ndoo mbili na mtu wa kuisimamia, na kila fungu la vifaa vya umeme lipite hapo kabla ya kupewa namba. Lisiloanza lenyewe lisizuiwe kuuzwa. Liandikwe tu kwa herufi kubwa kwamba halianzi, na mnadishaji aisome karatasi hiyo kwa sauti kabla ya dau la kwanza.