Ukitaka toroli ya jikoni, ipindue kwanza

Ukiingia duka la vifaa vya hoteli Kisumu au Nakuru, toroli itakayokuvuta macho ni ile ya rafu tatu inayong'aa mlangoni. Usiisukume bado. Omba ruhusa, ipindue miguu juu, utazame magurudumu yamefungwaje. Rafu ya toroli ni nadra kufa. Kinachokufa ni mguu, na mguu ndio mnunuzi huuangalia mwisho, pesa zikiwa zimeshatoka.

Magurudumu hufungwa kwa njia mbili. Moja ni bamba la chuma lililokazwa kwa bolti nne chini ya fremu. Nyingine ni pini moja nene iliyopandishwa ndani ya mguu. Pini yenye uzi na nati yake inafaa kwa mizigo myepesi, mradi ikazwe mara kwa mara. Ile iliyogongwa tu ndani ya tundu la plastiki ndiyo ya kuepuka. Wahudumu wawili wakiinua toroli kuvuka kizingiti, gurudumu linabaki chini, na tundu likishapanuka hata ukilirudisha halishiki. Wengine huzungushia kipande cha blada ya baiskeli ndipo walipige nyundo. Hudumu hadi chakula cha mchana.

Baada ya ufungaji, ukubwa. Gurudumu la inchi 3 limetengenezewa vigae vilivyonyooka, na jikoni zetu nyingi haziko hivyo. Pana kizingiti kati ya jikoni na ukumbi, pana simiti iliyochimbika karibu na sinki, pana wavu wa mtaro. Gurudumu dogo likijipanga sawasawa na mwanya wa wavu huzama, toroli husimama ghafla, na supu huendelea na safari. Inchi 4 ndiyo ndogo kabisa ya kukubali. Inchi 5, yaani milimita 125, huvuka kizingiti cha kawaida bila kuinuliwa, na kwa hoteli yenye wateja wengi mchana hiyo ndiyo ya kulipia.

Kuhusu kilichotumika kutengeneza magurudumu, uliza yatakanyaga nini. Nailoni ngumu husukumika kwa urahisi na haijali mafuta, lakini juu ya vigae ina kelele ya kuwafanya wateja wageuze shingo. Mpira mweusi wa kawaida ni mtulivu, ila huacha mistari sakafuni, na mafuta yanayomwagika karibu na karai la chipsi huuvimbisha na kuulainisha hadi uanze kumeguka. Mpira wa kijivu usioacha alama unafaa ukumbini. Jikoni penye mafuta, chagua poliyurethani. Hutambulika kwa ngozi ngumu, laini kuigusa, iliyovikwa juu ya kiini cha plastiki au chuma.

Toroli ikiwa bado imepinduliwa, zungusha kila gurudumu kwa kidole. Lenye beringi huzunguka kwa muda na kusimama polepole. Lisilo na beringi husimama karibu papo hapo, na ukilitikisa kushoto na kulia huchezacheza. Halafu tazama kama pembeni mwa ekseli pana kifuniko. Adui mkubwa wa gurudumu la jikoni Kenya ni uzi: uzi wa gunia la viazi, uzi wa kufungia sukuma, nywele. Hujisokota kwenye ekseli, hukaza, kisha gurudumu huacha kuviringika na kuanza kuburuzwa hadi lipate upande bapa. Likishapata upande huo halirekebishiki.

Breki mbili zinatosha, lakini ziwe upande wa mkono wa kusukumia, ambako mguu wa mhudumu unafika. Kanyaga breki, kisha sukuma kwa nguvu. Breki nzuri huzuia gurudumu kuviringika na pia kugeuka. Ya bei ya chini huzuia kuviringika tu, na toroli iliyobeba chai ya moto huendelea kuyumba mahali pale pale. Kwa jikoni nyembamba, magurudumu yote manne yawe ya kugeuka. Kwa korido ndefu, kama za hospitali na shule, mawili yasiyogeuka huifanya iende moja kwa moja bila kupigana nayo.

Sasa mzigo. Kibandiko kinasema kilo 150. Uliza: za toroli nzima au za kila rafu? Zikiwa za nzima, rafu tatu zinabeba kilo 50 kila moja, na mara nyingi kipimo hicho ni cha toroli iliyosimama, si inayogonga vizingiti. Piga hesabu kwa vitu vyako. Beli la unga lenye pakiti 12 za kilo 2 ni kilo 24. Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20 bila kuhesabu mtungi wenyewe. Mafuta ya kupikia lita 20 hukaribia kilo 18 na nusu, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji. Mabeli mawili, mitungi miwili ya maji na mmoja wa mafuta tayari ni kilo 106.

Kisha gawanya uzito huo kwa tatu, si kwa nne. Sakafu ikiwa na bonde dogo tu, gurudumu moja huning'inia na matatu yaliyobaki hubeba kila kitu. Mzigo wa kilo 106 na toroli ya kilo 20 ni kilo 126. Kila gurudumu liwe na uwezo wa kilo 42 au zaidi. Duka likishindwa kukuambia uwezo wa gurudumu moja, namba ya kwenye kibandiko usiitegemee sana. Beba mzigo mzito rafu ya chini kila wakati. Kreti za soda zikipangwa juu, toroli hupinduka kwenye kona ya kwanza.

Toroli za plastiki ni nyepesi, hazishiki kutu, na kwa kukusanya vyombo vichafu ni vigumu kuzishinda. Shida yake ni joto. Polipropilini, aina ya plastiki ya toroli hizi, huyeyuka karibu nyuzi 160 za Selsiasi na hulegea kabla ya hapo, ilhali mafuta ya kukaangia samaki na chipsi hufika 170 hadi 180. Karai lililotoka jikoni likitua juu ya rafu hiyo huacha alama ya duara ya kudumu, na rafu iliyobonyea hushika maji machafu kila ikioshwa. Kama hoteli yako ni ya samaki wa kukaanga, plastiki isikaribie jiko.

Kwa chakula cha moto, stenlesi. Hapa ndipo maneno mengi ya dukani yanapotokea. Muuzaji atatoa sumaku, aonyeshe haishiki, aseme ni namba 304, yaani mojawapo ya aina za stenlesi. Sumaku haiwezi kutofautisha 304 na 201, maana zote mbili kwa kawaida hazivutwi nayo. Inachoonyesha ni kwamba si 430, ambayo huvutwa. Namba 304 ina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli takriban asilimia 8. 201 imepunguziwa nikeli na kuongezwa manganizi, ndiyo maana bei yake ni ya chini na hushika madoa ya kutu mapema penye chumvi. Kwa toroli ya vyombo na chai, 201 inatosha kabisa. Kwa toroli inayobeba samaki waliotiwa chumvi, dai 304 na uandikiwe kwenye risiti.

Watu wa Kisumu hulaumu ziwa kwa kutu. Ziwa Victoria ni maji baridi, halina chumvi ya bahari. Kinachokula stenlesi jikoni ni chumvi ya samaki na dawa ya klorini inayopakwa usiku na kuachwa ikaukie hapo. Klorini hutoboa vishimo vidogo ambavyo havisuguliki. Ikitumika, isuuzwe kwa maji mengi kisha toroli ipanguswe ikauke. Steelwool nayo huacha vipande vidogo vya chuma cha kawaida, ndivyo vinavyogeuka madoa ya rangi ya chai. Tumia sponji.

Toroli nyingi za stenlesi huja kwenye boksi, unazifunga mwenyewe kwa bolti. Hilo si kosa, ila kila bolti iwe na washa ya springi au nati yenye pete ya plastiki ndani. Bila hivyo, mtetemo huzilegeza baada ya muda mfupi, fremu huanza kuyumba, na matundu ya bolti hupanuka.

Fundi wa jua kali, soko la Kibuye mjini Kisumu au kwingineko, anaweza kukutengenezea toroli ngumu kuliko zote hizi ukimpa maagizo kamili. Nunua magurudumu kwanza, umpelekee, atoboe bamba kulingana nayo. Fremu iwe paipu ya mraba ya inchi 1, geji 16 (geji ni kipimo cha unene wa chuma). Rafu geji 18, kingo zikunjwe kwenda juu sentimita 2 au 3 ili chombo kisiteleze. Viungo vichomelewe pande zote, si nukta nukta, kisha visagwe. Ncha za paipu zizibwe kabisa. Paipu iliyoachwa wazi huingiza maji, hushika kutu kutoka ndani, na ni nyumba ya mende ambayo hakuna brashi inayofika. Kama ni stenlesi, muulize kama anachomelea kwa gesi ya agoni. Akitumia fimbo za chuma cha kawaida, kila kiungo kitaota kutu hata kama shiti ni 304. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi kibaki stoo, kubebea magunia na kreti. Rangi hubanduka, na isibandukie karibu na ugali.

Vipimo, kwa ufupi. Pima mlango ulio mwembamba kuliko yote kwenye njia yako, toa sentimita 10 za vidole, huo ndio upana wa toroli. Pima sufuria kubwa ikiwa na kifuniko na mwiko ndani, huo ndio urefu kati ya rafu. Trei kamili za bufee ni milimita 530 kwa 325. Kuweka mbili sambamba, rafu iwe angalau sentimita 55 kwa 70. Mkono wa kusukumia uwe kati ya sentimita 85 na 95 kutoka chini, la sivyo wahudumu watalalamikia mgongo, tena kwa haki.

Wanaopika harusini na matangani Siaya, Kakamega au Bungoma wasinunue yoyote kati ya hizi kwa kazi ya nje. Kwenye nyasi na udongo uliolowa, gurudumu la inchi 5 huzama hadi ekseli. Huko hutakiwa toroli ya jukwaa moja yenye magurudumu ya upepo ya inchi 8 au 10, pampu ya baiskeli ikiwa ndani ya pikapu.

Kabla ya kulipa, omba mabeli matatu ya unga yawekwe rafu ya chini, weka glasi iliyojaa maji juu, uisukume kwa mkono mmoja kuvuka kizingiti cha duka. Maji yakimwagika mengi, supu itafuata njia hiyo hiyo. Mwisho, uliza kama gurudumu moja moja huuzwa, na upime umbali kati ya matundu ya bolti uuandike. Muuzaji akikujibu kwamba hayauzwi mpaka ununue toroli nzima, nenda duka la pili.