Chaneli ya Tom Scott baada ya kupumzika: bado inafaa bando
Tom Scott wa Uingereza aliweka YouTube video za sayansi na teknolojia kila wiki kwa miaka kumi, akapumzika tarehe 1 Januari 2024. Sisi wapenzi wake wa Unguja roho zilituuma, lakini maktaba ipo vilevile. Video nyingi ni za dakika tano sita, hazina porojo (wangejifunza wengine!). Washa manukuu ya Kiingereza, yameandikwa na watu. Ukiyageuza yawe ya Kiswahili, mashine huchapia, hasa majina ya mitambo. Bando dogo? Punguza ubora wa picha hadi 360p; ikikwamakwama, 240p, sauti bado itasikika vizuri. Michoro midogo ndiyo itakayokusumbua. Aliyezoea sauti yake, podikasti anayoiongoza, Lateral, inatosha, na hula bando kidogo.