Mapitio: huduma ya kuita zimamoto, kuanzia simu hadi kwa kamanda

Nyota nne kati ya tano, na ile iliyopungua mara nyingi tunaiangusha wapigaji wenyewe.

Sifa kwanza. Namba ya dharura kwa kawaida hailipiwi. Ile ya 112 imo kwenye viwango vyenyewe vya simu za GSM (mfumo wa simu za mkononi), kwa hiyo simu huipiga hata kioo kikiwa kimefungwa, na mtandao wako ukikosekana itadandia mnara wa kampuni nyingine. Simu isiyo na laini kabisa usiitegemee: baadhi ya nchi, Ujerumani na Uingereza zikiwamo, hazipokei simu za namna hiyo kwa sababu ya watu wa mzaha.

Inapokwama ni mahali. Mnara wa simu peke yake huonyesha eneo tu, na nje ya mji eneo hilo linaweza kuwa la kilomita kadhaa. Zipo simu zinazotuma pointi ya GPS zenyewe ukipiga namba ya dharura, ila si kila kituo kinaweza kuipokea. Ndiyo maana mahali panatangulia hata kabla ya neno "haraka". Simu ikikatika baada ya sekunde kumi, kituo kimebaki na kitu cha kufanyia kazi. Simu nzuri husikika hivi: "Moto, jengo la ghorofa tatu, mkabala na tangi la maji. Unawaka jikoni, ghorofa ya pili. Mzee mmoja yumo chumba cha nyuma. Kuna mtungi wa gesi chini ya sinki. Geti ni jembamba, gari kubwa halipiti." Hapo umemaliza karibu kila kitu. Usikate mpaka uambiwe. Wanaokata hudhani maswali yanachelewesha gari, kumbe vituo vingi hulitoa huku maswali yakiendelea.

Sasa wamefika, unawaitaje? "Afande" inatosha kwa cheo chochote, mwanamume au mwanamke. "Kamanda" mwachie anayeongoza tukio. "Watu wa faya" ni sawa mkiwazungumzia wenyewe kwa wenyewe, lakini "wewe faya" usoni pa mtu ni utovu wa adabu, na "dada" kwa askari wa kike aliye kazini humshusha bila sababu. Vyeo kama Sajini au Mkaguzi vitumie ukiwa na uhakika navyo; ukikosea cheo umeharibu zaidi ya kutokitaja. Barua ya shukrani au malalamiko iandike kwa Mkuu wa Kituo, kwa wadhifa wake, kisha utaje tarehe na saa ya tukio, maana zamu hubadilika na bila saa hawatajua ni kikosi kipi.

Linaloudhi kuliko hilo la vyeo ni kumshika bega askari aliyevaa barakoa ya kupumulia. Hakusikii vizuri, na hewa yake inahesabika: mtungi wa lita 6.8 uliojazwa kwa bar 300 (kipimo cha mgandamizo) una kama lita 2,000 za hewa, na kwa kazi nzito mtu huvuta lita 50 kwa dakika au zaidi. Hiyo ni chini ya dakika 40, humo humo ikiwamo ya kutokea. Ukisikia filimbi kali kutoka kwenye kifaa chake cha hewa, hewa imekaribia kwisha, mpishe.

Wa kumwendea ni yule mwenye kizibao cha kuakisi mwanga kilichoandikwa wadhifa, kwa kawaida yuko karibu na gari na redio mkononi. Rangi ya kofia isikuongoze peke yake, kwa kuwa kila jeshi la zimamoto lina mpangilio wake. Mwambie kwa kifupi: "Afande, mimi ndiye niliyepiga. Umeme umezimwa, gesi haijafungwa, ufunguo wa mlango wa nyuma huu hapa." Kisha simama pale atakapokuonyesha, atakuhitaji tena.

Na yule mzee uliyesema yumo chumba cha nyuma akionekana kwa jirani, rudi kwa kamanda papo hapo. Ndani kwenye moshi bado kuna askari wanaomtafuta kwa kupapasa sakafuni.