Uzoefu wangu: ziara ya miguu mtaa wa Wachina Bangkok, na supu niliyonyimwa

Jambo hili nimekaa nalo kifuani wiki kadhaa, nikisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa. Naandika nayo hivyo hivyo.

Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Nauza vishanga, utepe, vibanio vya nywele, hereni na mapambo ya maharusi, jumla na rejareja. Bangkok nimekwenda mara nyingi, lakini naijua upande mmoja tu: Sampheng, uchochoro wa maduka ya jumla ndani ya mtaa wa Wachina. Natoka hotelini naingia Sampheng, natoka Sampheng naenda kwa watu wa kago, naenda uwanja wa ndege, narudi nyumbani. Asiyeifahamu Sampheng achukue Mtaa wa Kongo wa kwetu Kariakoo siku mbili kabla ya Idi, aubane ubaki nusu, aufunike na mapaa ya turubai, kisha apitishe pikipiki na mikokoteni ya mizigo katikati ya watu. Humo ndimo ninamotafutia riziki yangu, na napapenda.

Safari hii, ilikuwa mwanzomwanzo wa mwaka, mzigo ulichelewa kufungwa tukabaki na siku nzima mikononi. Wifi yangu ambaye nimeanza kusafiri naye akaniambia, "Wifi, miaka yote hii unakuja hapa, hujui hata nyuma ya haya maduka kuna nini." Kweli nilikuwa sijui. Akaingia kwenye simu, akapata kampuni ya ziara za miguu: mnatembezwa mtaa wa Wachina mchana, na njiani mnakula vyakula vya barabarani, kituo hadi kituo. Palikuwa na sehemu ya kuandika usichokula. Tukaandika wazi: hatuli nguruwe, hatuli chochote kilichopikwa na nguruwe, hatunywi pombe. Asubuhi tulipokutana na kijana wa kutuongoza nilirudia kwa mdomo wangu, pole pole, huku namtazama. Akaweka mkono kifuani akasema nisiwe na wasiwasi, ameshawatembeza Waislamu wengi.

Sasa niseme haki yake, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini roho yangu iliuma hivi. Kijana alikuwa anajua kazi. Alianzia hekalu la Wat Traimit, kwenye sanamu ya Buddha ya dhahabu, tani tano na nusu. Akatueleza kwamba miaka na miaka ile sanamu ilikuwa imefunikwa plasta, watu wanapita wanaiona ya kawaida tu, mpaka mwaka 1955 walipokuwa wanaihamisha plasta ikabanduka na dhahabu ikachungulia. Mimi si mtu wa mahekalu, lakini nilisimama pale nikasikiliza mpaka mwisho. Akatueleza pia Wachina walifikaje mtaa huu. Mwanzo wafanyabiashara wao walikuwa wanakaa mahali mfalme Rama wa Kwanza alipotaka kujenga kasri lake, mwaka 1782, wakahamishwa wakaja kuanza upya Sampheng. Kwa hiyo uchochoro wangu wa vishanga ndio mkongwe, na barabara kubwa ya Yaowarat yenye maduka ya dhahabu na mabango mekundu imekuja baadaye, wakati wa Rama wa Tano, zaidi ya miaka mia moja mbele. Wengi wao asili yao ni Chaozhou, kusini mwa China, ndiyo maana, alisema, chakula cha hapa hakifanani na cha mji mwingine.

Nilifurahi kwa kweli. Nilijisikia mjinga kwa miaka yote ile niliyopita pale nikihesabu dazeni tu.

Tukaanza kula. Kwanza vitu kama maandazi, vijipande viwili vya unga vilivyoshikana, vinakaangwa mbele yako na kuchovywa kwenye krimu ya kijani inayonukia majani ya rampe. Vizuri mno, wifi yangu aliongeza mara ya pili. Kisha vipande vya unga wa mchele na figili, vinakatwakatwa na kukaangwa kwenye chuma kipana pamoja na mayai na chipukizi za choroko. Hivyo navyo vitamu, nisidanganye. Nilimuuliza kijana, "Hiki hakina nguruwe?" Akasema hakina nyama hata moja, ni mboga tupu. Nikala nikamaliza.

Tukaingia Talat Mai, ule uchochoro wa soko la vyakula, samaki wakavu, uyoga, chestinati, bata wananing'inia. Upande wa pili, karibu na kutokea, pana mama anauza tambi za supu. Mtu mzima, nywele zake nyeupe, aproni yake imefuliwa mpaka imepauka. Nyumbani tungemwita mama ntilie. Kijana akasema kituo hiki ni tambi na vinofu vya samaki vilivyoviringwa, samaki tupu. Tukakaa kwenye vistuli. Akaagiza.

Yule mama akanyanyua upawa, akatutazama, akaona mitandio yetu. Akauweka upawa chini. Akaanza kutikisa mkono: hapana, hapana. Kijana akamwambia kitu, anacheka. Mama akajibu kwa ukali, akachukua mfuniko akafunika sufuria.

Ndugu zangu, nilichemka. Msafiri mweusi mwenye mtandio anazijua zile sura. Nimeshafuatwa nyuma dukani kama mwizi, nimeshaambiwa bei haipungui wakati aliye mbele yangu amepunguziwa. Nikasema leo ndiyo leo, nimelipa pesa yangu nije kufukuzwa na muuza supu. Nilisimama nikapaza sauti, kwa Kiswahili, maana hasira haina lugha nyingine: "Kwa nini? Pesa yetu ina nini?" Watu waligeuka. Mama naye hakurudi nyuma. Akawa anasema neno moja, analirudia, "mu, mu," huku ananyooshea kidole sufuria, kisha kichwa changu, kisha sufuria.

Wifi yangu ndiye aliyenishika mkono. Katika kununua-nunua kwake amezoea kutumia simu kutafsiri, na lile neno alikwisha kulikariri siku ya kwanza tulipofika. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, mu ni nguruwe."

Mama alipoona tumeelewa, akanishika kifundo cha mkono, taratibu, kama anavyoshikwa mgonjwa. Akanisogeza kwenye sufuria, akafunua, akazamisha upawa hadi chini na kuinua mfupa. Mfupa wa nguruwe. Vinofu ni samaki, sawa, lakini mchuzi wote umetoka kwenye ile mifupa. Akautikisa mfupa, akagusa mtandio wangu kwa kidole kimoja, akatikisa kichwa.

Nikamgeukia kijana. Alichonijibu ndicho kinachonikosesha usingizi mpaka leo. Alisema, "Lakini nyama haimo, ni supu tu." Supu tu! Nikamuuliza, na zile figili? Akanyamaza kidogo. Akasema pale wanakaangia mafuta ya nguruwe, lakini ni kidogo, na kila mtu hula. Na maandazi? Akasema hana hakika.

Yaani mtu anakumbuka mwaka 1782. Anakumbuka plasta ilibanduka mwaka gani. Jambo nililomwambia asubuhi ile ile, macho kwa macho, hakuona haja ya kulishika. Au alilishika, akaamua mwenyewe kwamba dini yangu inaishia kwenye kipande cha nyama kinachoonekana. Sijui lipi ni baya zaidi. Amenilisha kitimoto, mimi, mtu mzima niliyehiji, na angenilisha mara ya pili kama si yule mama.

Sikumtukana. Nilimwambia ziara imeisha, aende zake. Alionekana kushtuka kweli, akawa anaomba radhi, na hapo ndipo moyo wangu ulipogawanyika kidogo, kwa sababu sioni kama alikuwa na nia mbaya. Lakini nia nzuri haikunisaidia tumboni. Nilikwenda pembeni nikasukutua kinywa kwa chupa nzima ya maji, nikalia. Nikampigia kaka yangu, ambaye ni ustadhi. Kule ilikuwa bado asubuhi, anasomesha. Akaniambia aliyekula bila kujua hana dhambi, nitulie, niseme astaghfirullah, niendelee na siku yangu. Nilitulia. Uchungu wa kudharauliwa lakini haukuondoka.

Yule mama alikuwa anatuangalia muda wote ule. Alimwacha mteja, akaja na tishu, akatuonyesha kwa mkono kona ya Yaowarat anapokaa muuza chestinati. Hizo hukaangwa kavu kwenye karai kubwa linalozungushwa, hakuna mafuta wala nyama. Ukimenya ganda la moto unakuta ndani kitu kama kiazi kitamu kilichochanganyika na korosho. Tulinunua mfuko, tukala tumesimama, tukaenda kurudia mfuko mwingine. Jirani yake palikuwa na mtu anakamua makomamanga.

Kisha tukatembea wenyewe, na hapa ndipo hasira yangu ikapata kuni nyingine. Tukashuka kuelekea mtoni, mtaa wa Song Wat wenye maghala ya zamani, tukitafuta mahali pa kuswali. Katika kuuliza tukaelekezwa msikiti. Msikiti, ndani ya mtaa wa Wachina! Unaitwa kwa jina la Luang Kocha Itsahak, mfanyabiashara Mwislamu wa zamani, umejificha nyuma ya maduka. Mzee mmoja alitufungulia lango, akatuonyesha maji ya kutawadha bila kutuuliza maswali mengi. Tukaswali Adhuhuri. Nilijiuliza pale: mtu anayesema amewatembeza Waislamu wengi, kwa nini hakutaja hata kwa neno moja kwamba hapa pana nyumba ya Mungu, tena inayoingia kabisa kwenye hadithi yake ya wafanyabiashara? Hiyo ndiyo historia niliyoilipia, na sikuipata kwake.

Jioni kampuni ikaandika. Wanasikitika, wananipa punguzo kwa ziara ijayo. Nikawajibu kwamba sitaki punguzo, nataka wamwambie kila kijana wao kwamba mchuzi ni chakula na mafuta ni chakula. Hawajanijibu hilo. Ndiyo maana siku ile niliwapa nyota moja, na ningekuwa na uwezo nisingewapa hata hiyo.

Lakini kila ninapotaka kuwaambia msiende, naona nasema uongo. Nendeni. Mtaa ule ni mzuri, na mchana ndio wakati wake kwa mtu anayetaka kuona watu wakifanya kazi na si taa tu. Treni ya chini ya ardhi sasa inafika mpaka katikati, kituo cha Wat Mangkon kimefunguliwa 2019, ukipanda ngazi umeshafika. Hekalu lenyewe la Wat Mangkon, ambalo pia huitwa Leng Noei Yi, la mwaka 1871, liko hatua chache tu, sisi tuliishia kuliona kwa nje kwa sababu ya vurugu zetu. Kwa Mwislamu jifunze neno "mu" kabla ya neno la salamu. Uliza mchuzi, uliza mafuta, usiishie kwenye nyama. Ukiona kibendera cha njano chenye maandishi mekundu, hapo wanapika bila nyama ya aina yoyote, ni chakula cha wafungao wa Kibuddha. Na muongozaji? Nilikuwa naandika hapa kwamba msimchukue. Nikikumbuka ile asubuhi Wat Traimit, jinsi alivyotusimulia, nashindwa kuandika hivyo kwa moyo mmoja. Mchukueni kwa masimulizi, chakula mkajitafutie wenyewe. Hapana, bado sijakubali hata hilo. Leo nasema hivyo, kesho nikikumbuka ile "supu tu" nitasema lingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilimfokea yule mama. Mtu aliyekataa kuuza bakuli mbili kwa sababu ya mtandio wangu, na mimi nilidhani ananichukia kwa sababu ya mtandio huo huo. Tulipoaga nilimshika mikono yote miwili, lakini sikuwa na neno la Kithai la kumwomba radhi, na wifi yangu simu ilikuwa imezima chaji.

Mzigo mwingine naufuata karibuni, inshallah. Korosho za Mtwara nimeshanunua kilo mbili, zile kubwa, zilizokaangwa kavu. Zimo kwenye sanduku, juu kabisa.